Bao langu linaanza laini, dakika ya 12 simu ina moto na kete hazitembei: nitathibitishaje kuwa ni joto?

Binti wa Kete (Tanga)

Wakuu, habari za kazi.

Natengeneza mchezo wa bao la Kiswahili kwa simu za Android, natumia Unity (programu ya kutengenezea michezo). Ubao wa mashimo 32, kete 64, namua kwanza (kuingiza kete za mkononi) kisha mtaji (kucheza zilizo ubaoni tu), kama linavyochezwa huku pwani. Naufanyia kazi tangu Juni, usiku nikitoka kibaruani. Sheria zote nimezipata kwa babu yangu, na alinikataza kabisa kuandika sehemu ya kutakata (kucheza bila kula) mpaka niweze kutakata mwenyewe ubaoni bila kukosea. Nautengeneza kwa ajili ya wazee kama yeye, ndiyo maana hili lililonikuta limeniuma.

Ijumaa iliyopita baada ya alasiri nilipeleka simu barazani kwao, Ngamiani. Kaskazi hii mnaijua, kivulini digrii 32 na hewa imesimama. Wazee wawili wakakaa, simu katikati juu ya mkeka. Namua ikaenda vizuri sana. Kete inadondoka shimoni, mlio unatoka papo hapo, mmoja wao akasema hiyo sauti ni ya komwe hasa. Kila mchezaji ana kete 22 za kunamua mkononi, kwa hiyo mpaka ziishe muda umekwenda.

Walipoingia mtaji mambo yakageuka. Mzee akagusa shimo. Kimya. Akagusa tena akidhani simu haikusikia. Sasa, kwenye mchezo wangu mguso wa kwanza unachagua shimo na wa pili unachagua upande wa kupigia kete. Simu ikazinduka, ikauhesabu ule mguso wa pili kuwa ndio upande, kete zikaenda kushoto wakati mtaji wake (nafasi ya kula) ulikuwa kulia. Akanirudishia simu kwa mikono miwili: "Mjukuu wangu, ishike, imeshika moto." Nilipoipokea, mgongo wake pale karibu na kamera ulikuwa kama pasi ya mkaa. Hakusema zaidi. Wakavuta ubao wao wa mbao wakaendelea.

Simu yenyewe ni ya bei ya kawaida, nilinunua mpya, sasa mwaka wa pili. Chipu ya nanomita 12, viini 2 vikubwa vya GHz 2.0 na 6 vidogo vya GHz 1.8, RAM GB 4, skrini ya pikseli 1600 kwa 720, Hz 60.

Nyumbani nimeirudia hali hiyo mara tatu na profaila ya Unity (inayopima muda wa kila kazi) imewashwa. Dakika ya kwanza fremu moja (picha moja ya skrini) inachukua milisekunde 14. Dakika ya 13 inachukua 27 mpaka 31. Kinachonichanganya ni kwamba sioni kazi moja ya kuilaumu. Hati zangu, fizikia, uchoraji, vyote vimekua karibu mara mbili kwa wakati mmoja. Nimejaribu kupunguza ukubwa wa tekscha (picha zinazopakwa juu ya maumbo), nimeondoa sauti, nimefunga programu nyingine zote. Hakuna tofauti.

Je, ni memori inavuja? Ni mkusanya taka wa C# (anayesafisha memori isiyotumika tena)? Au kweli ni joto, na kama ni joto nalithibitisha vipi? Sitaki kubahatisha halafu nirudi barazani na tatizo lile lile.

Kilimani (Dodoma)

Weka fremu 30, zima vivuli, punguza ubora wa picha. Mimi michezo yangu yote nafanya hivyo na simu haichemki. Hongera kwa kuleta bao.

Mchora Fremu (Arusha)

Dada, kabla hujagusa ubora wa picha ngoja kwanza. Ushauri wa mkuu hapo juu unaweza kufaulu, lakini hutajua umeponya nini, na simu nyingine ikija na ugonjwa mwingine utaanza upya.

Jibu lako umeshaliandika mwenyewe: vyote vimekua kwa wakati mmoja. Memori ikivuja huwa inaonekana kwenye mstari wa memori, unapanda haushuki. Mkusanya taka anaonekana kama vilele: fremu ishirini nzuri, moja ya milisekunde 40, ishirini nzuri tena. Joto halina tabia hiyo. Joto linapunguza kasi ya saa ya chipu yenyewe (mizunguko yake kwa sekunde), basi kila kazi inavutika kama mpira, ndogo na kubwa, kwa uwiano unaokaribiana. Piga hesabu: milisekunde 14 kwa GHz 2.0 ni mizunguko milioni 28. Kazi ile ile ya mizunguko milioni 28 ukiifanya kwa GHz 1.1 inakula milisekunde 25 na ushei. Msimbo wako haukubadilika hata herufi moja.

Sasa uthibitishe. Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote. Cheza mpaka uzito uingie. Funga mchezo kabisa, ufungue papo hapo simu ikiwa bado ya moto. Ukianza upya ukiwa mwepesi, tatizo liko ndani ya mchezo, kitu kinajikusanya. Ukianza upya ukiwa mzito tangu skrini ya kwanza, ni simu. Kisha fanya kinyume chake: ukiwa mzito usiufunge, uweke kwenye pozi, elekeza simu kwenye feni dakika 20, endelea. Ukirudi mwepesi bila kuufunga, huna haja ya kuitafuta memori tena.

Kipimo cha pili ni namba, ila kwanza chomoa kebo. Najua profaila umeiendesha kwa USB, na USB inachaji simu, na kuchaji kunaongeza joto juu ya joto unalolipima. Hapa watu wengi wanajidanganya kwa amri ya `dumpsys battery unplug`. Amri hiyo inauambia tu mfumo kwamba kebo haipo. Umeme unaendelea kuingia kama kawaida. Tumia adb (amri za kuongea na simu kutoka kwenye kompyuta) kupitia Wi-Fi:

`adb tcpip 5555`
`adb connect anwani-ya-simu:5555`

chomoa kebo, subiri simu ipoe, ndipo uanze. Halafu kila dakika moja andika hivi viwili:

`adb shell dumpsys battery | grep temperature`
`adb shell cat /sys/devices/system/cpu/cpu6/cpufreq/scaling_max_freq`

Cha kwanza ni joto la betri kwa sehemu za kumi za digrii, 412 maana yake 41.2. Usilichukue kuwa ndilo joto la chipu. Chipu ni jiko, betri ni sufuria: jiko linawaka sasa hivi, sufuria inachelewa kufuata na inachelewa kupoa. Cha pili ndicho shahidi wako mkuu. Kwenye chipu ya viini 6 vidogo na 2 vikubwa, vikubwa kwa kawaida ni cpu6 na cpu7. Watu husoma `scaling_cur_freq`, kasi ya sasa hivi, halafu wanabishana, kwa sababu kasi ya sasa inaweza kuwa chini kwa kuwa hakuna kazi tu. `scaling_max_freq` ni dari. Dari ikishuka huku mchezo unaendelea, kuna mtu ameishusha, na kwenye simu nyingi mtu huyo ni mlinzi wa joto.

Jambo moja zaidi kuhusu skrini yako ya Hz 60. Kila fremu ina milisekunde 16.7. Ikichelewa hata kwa nusu milisekunde, inasubiri zamu inayofuata, yaani 33.3. Kwa hiyo mchezaji haoni ukishuka kidogo kidogo. Anaona unakwenda vizuri, vizuri, halafu umekatika. Hapo ndipo unapata ile hadithi ya "dakika ya 12" kana kwamba kuna kitu kimetokea dakika hiyo.

Fundi wa Bondeni (Mombasa)

Dadangu, pole na hongera. Mimi sijui msimbo, nafungua simu kila siku, kwa hivyo nakuuliza ya upande wangu.

Simu hiyo imeshawahi kufunguliwa? Ndani ya kifuniko cha nyuma au juu ya ngao ya chipu kuna karatasi nyeusi ya grafiti, nyembamba sana, kazi yake ni kulitandaza joto kutoka pale lilipo chipu hadi mgongo mzima. Fundi mwenye haraka akibadilisha skrini au kifuniko huiona kama takataka, huirarua au huitupa. Simu ikirudi inafanya kazi vizuri kabisa ila joto linakaa mahali pamoja. Wewe umesema moto ulikuwa karibu na kamera pekee. Kwa simu nyingi chipu iko huko huko juu, kwa hivyo si lazima iwe kasoro, lakini niliposikia "pale karibu na kamera" nilisimama.

Betri nayo. Betri iliyochoka ina ukinzani mkubwa ndani, na ikiombwa umeme mwingi inachemka yenyewe. Iweke simu juu ya kioo cha meza uisukume ukingoni: ikizunguka kama pia, huenda betri imevimba, iache kucheza kabisa upeleke ibadilishwe.

Na kava. Zile kava nene za mpira zenye manyoya na kila kitu, toa wakati wa kupima. Ukishapima bila kava, pima tena na kava, kwa sababu wazee hawatatoa kava ili wacheze bao lako.

Ukiweza, tafuta simu ya pili ya aina ile ile. Simu moja haitoshi kuwa shahidi.

Binti wa Kete (Tanga)

Nimerudi. Imenichukua siku nne na nashukuru sana, kila mmoja amenipa kitu.

Fundi, simu haijawahi kufunguliwa, na haizunguki mezani. Binamu yangu ana ya aina ile ile, nimemwomba siku mbili. Zote mbili zimefanya sawasawa, tofauti ya dakika moja tu. Kwa hiyo si simu yangu peke yake.

Kipimo cha kufunga na kufungua: ulianza mzito, milisekunde 26 kwenye menyu, ambako hakuna hata kete moja. Kipimo cha feni: dakika 20 kwenye pozi, ukarudi milisekunde 14, na memori haikusogea, MB 410 kabla na MB 410 baada. Memori nimeisamehe.

Namba, bila kebo, bila kava, chumbani, dirisha wazi. Mwanzo: betri 319, dari ya cpu6 ni 2000000 (yaani GHz 2.0). Dakika ya 6: betri 381, dari haijaguswa. Dakika ya 9: betri 408, dari imeshuka kwa mara ya kwanza. Dakika ya 13: betri 437, dari imekaa chini kidogo ya 1200000 na fremu ni milisekunde 25. Nilikaa natazama ile namba ikishuka ngazi kwa ngazi nikahisi kama naona mkono wa mtu ukifunga bomba la maji.

Lakini nataka kuwaeleza kilichonigeuza kichwa, maana wiki nzima nilikuwa natafuta kosa mahali siko. Nilikuwa nafungua profaila, naruka moja kwa moja hadi dakika ya 13, kwenye fremu nzito, naichambua. Fremu ile haina kosa. Ni mgonjwa tu. Joto lililoifanya hivyo liliwekwa akiba tangu dakika ya kwanza, fremu moja moja, zile fremu za milisekunde 14 ambazo mimi nilikuwa nazisifu kwa kuwa ziko chini ya 16.7.

Basi nikarudi mwanzo. Nikaweka simu mezani katikati ya mchezo wa watu wawili, zamu ya mtu, sikugusa kitu. Ubao umetulia, hakuna kete inayotembea. Hivi ndivyo bao lilivyo, muda mwingi mtu anatazama tu, anahesabu kichwani, anashika kidevu. Na simu yangu, wakati mzee anahesabu, ilikuwa inafanya kazi milisekunde 13 katika kila 16.7. Mara sitini kwa sekunde. Kuchora picha ile ile.

Nikauliza, inafanya nini? Nimekuta mambo matatu.

La kwanza ni kete zenyewe. Nilizipa fizikia kamili, kila moja ina Rigidbody, kwa sababu nilitaka zidondoke na kugongana kwa uhalisia. Unity ina utaratibu wa kukilaza kitu kikishatulia ili kisihesabiwe tena. Kete zangu hazikuwa zinalala. Nilisogeza kamera ya uhariri mpaka kete moja ikajaza skrini, kete ya chini kabisa kwenye nyumba (shimo kuu la mchezaji), yenye wenzake watano juu yake. Ilikuwa inatetemeka. Kwa jicho la kawaida huioni, labda sehemu ya mia ya upana wake, inateleza kidogo kwenye mteremko wa shimo, inasukumwa na ile ya juu, inarudi. Kete 64 zote zikifanya hivyo, mchezo mzima, hata yale mashimo ambayo hayajaguswa tangu namua ianze.

La pili limeniumiza zaidi kwa kuwa ni uzembe wangu mtupu. Nimeandika akili ya kompyuta kwa ajili ya mtu anayecheza peke yake, inatafuta mitaji mbele kwa nyuzi nne (kazi nne sambamba) ili ijibu haraka. Nikaiacha iendelee kufikiri hata wakati wa zamu ya binadamu, ili ikifika zamu yake iwe tayari. Na kwenye mchezo wa watu wawili, ambako kompyuta haichezi kabisa, sikuizima. Wazee wawili walikuwa wanacheza bao Ngamiani na ndani ya simu kulikuwa na mchezaji wa tatu anafikiri kwa nguvu zote, hakuna anayemsikiliza.

La tatu ni uchoraji: vivuli vya wakati halisi, mng'ao juu ya skrini nzima, na kivuli cha majani ya mwembe kinachopita juu ya ubao, ambacho ni tabaka tatu za picha angavu zinazofunika skrini yote. Hili la tatu sijui nilipe uzito gani. Kaka wa Arusha, unasemaje?

Mchora Fremu (Arusha)

Kazi nzuri sana hiyo, dada. Hapo penye kete inayotetemeka nimepasoma mara mbili.

Uzito wa la tatu ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye profaila. GPU (chipu za kuchora picha) za simu, Mali, Adreno na wenzao, huchora kwa vigae. Zinaigawa skrini vipande vidogo, kila kipande kinamalizwa ndani ya kumbukumbu ndogo iliyo kwenye chipu, ndipo kinaandikwa nje mara moja. Zimebuniwa hivyo kwa sababu kwenda kwenye RAM na kurudi kunakula umeme mwingi, na umeme ndio joto. Skrini yako ni pikseli 1,152,000. Kwa baiti 4 kila pikseli ni MB 4.6 kwa kila mara unapoiandika nzima, na mara 60 kwa sekunde ni kama MB 276. Mng'ao unaisoma na kuiandika zaidi ya mara moja, hata kama hatua nyingine zinafanyika kwa picha ndogo. Umeivunja ile faida ya vigae kwa ajili ya mng'ao kwenye ubao wa mbao. Ubao wa mbao haung'ai hivyo.

Majani ya mwembe: hayavunji vigae, lakini kila pikseli inapakwa mara nne badala ya mara moja. Choma kivuli hicho kwenye tekscha ya ubao, kiwe sehemu ya picha yake. Kisimame tu, hakuna mzee atakayeuliza mbona majani hayapepei.

Kuhusu kuchora mara sitini picha iliyotulia, usishushe `Application.targetFrameRate`. Ukiishusha hadi 15, miguso nayo itasomwa mara 15 kwa sekunde, na wewe tayari una kesi ya mguso. Tumia `OnDemandRendering.renderFrameInterval`. Ukiweka 4, mzunguko wa mchezo unabaki 60, miguso inasomwa 60, ila picha inachorwa mara 15 tu. Kidole kikigusa, rudisha 1 hapo hapo.

Na usijipangie kuishia chini kidogo ya 16.7. Mwongozo wa Unity wenyewe unashauri kutumia kama asilimia 65 ya muda wa fremu kwenye simu, kwa mfano milisekunde 22 pale ambapo fremu 30 zingekuruhusu 33, ili chipu ipate pa kupumulia. Umeme wa chipu unakwenda kwa kasi ya saa mara mraba wa volti, na kasi ikipanda volti nayo inapanda. Kwa hiyo kule juu karibu na GHz 2.0 kila hatua inauzwa ghali sana. Ukiuacha mfumo ukae GHz 1.2 kwa hiari yako, unalipa kidogo na hakuna wa kukushushia dari.

Mwisho, uweke ulinzi ndani ya mchezo wenyewe. Android 10 ilileta hali ya joto kwenye `PowerManager`, kuanzia 0 hadi 6, na Android 11 ikaleta `getThermalHeadroom`, ambapo 1.0 ni pale ubanaji mkali wa kasi unapoanza. Iulize kila sekunde 10, inatosha. Ukiiita zaidi ya mara moja kwa sekunde unaweza kurudishiwa NaN (yaani "si namba"). Kuna simu hazina huduma hiyo kabisa nazo hurudisha NaN siku zote, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Kujaribu msimbo wako bila kuchemsha simu:

`adb shell cmd thermalservice override-status 3`

na ukimaliza `adb shell cmd thermalservice reset`. Hiyo inabadilisha kinachotangazwa tu, kasi ya chipu haiguswi, lakini utaona kama mchezo unaitikia.

Ukishusha ubora, shusha haraka, upandishe polepole. Mtu anayepandisha mara tu simu inapopoa kidogo anapata mchezo unaobadilika sura kila nusu dakika.

Mwana wa Forodhani (Unguja)

Nafuatilia kwa karibu, nina mchezo wa ngalawa wenye tabia hiyo hiyo. Kwa wenye iPhone: angalieni `ProcessInfo.thermalState`, ina ngazi nne, nominal, fair, serious na critical, na unaweza kujiandikisha upewe taarifa ikibadilika. Xcode (programu ya Apple ya kutengenezea programu) pia inaweza kuiigiza hali ya joto kwenye simu iliyounganishwa. Na mkumbuke Apple wenyewe wanaandika kwamba iPhone itumike mahali penye digrii 0 hadi 35. Mchana wa kaskazi, nje, juani, umeshafika ukingoni kabla hujafungua mchezo.

Binti wa Kete (Tanga)

Naleta majibu ya jana, Ijumaa, barazani pale pale.

Nilichobadilisha: fizikia nimeitoa kabisa. Kete sasa inafuata njia niliyoichora mwenyewe kutoka mkononi hadi shimoni, na ikishatua inabaki hapo, haihesabiwi. Kete zote 64 ni umbo moja, kwa hiyo zinachorwa kwa wito mmoja badala ya 64. Nilidhani nitaukosa ule mdondoko; nimeukaribia kwa siku mbili za kurekebisha mkunjo wa njia, na babu hakuiona tofauti. Akili ya kompyuta inawashwa zamu yake tu, na kwenye mchezo wa watu wawili haipo kabisa. Mng'ao nimeufuta. Majani ya mwembe yamechomwa kwenye ubao. `renderFrameInterval` ni 4 ubao ukitulia.

Kila badiliko nililipima peke yake kabla ya kuyajumlisha, simu ikiwa imeanza kwa 320 au chini, dakika 15 kila moja. Kuizima akili ya kompyuta peke yake kuliondoa digrii 3 na nusu. Fizikia, digrii 1.8. Uchoraji na ule mpango wa kuchora mara 15, digrii 3 kamili. Kama ningemsikiliza mkuu wa Dodoma tu, ningelipata hilo la uchoraji na yule mchezaji wa tatu angeendelea kufikiri humo ndani. Nakushukuru hata hivyo, vivuli vya wakati halisi nimevizima kama ulivyosema.

`getThermalHeadroom` kwenye simu hii ni NaN, siku zote. Kwa hiyo ulinzi wangu unatumia vitu viwili nilivyonavyo: wastani wa muda wa fremu kwa sekunde 10, na joto la betri, ambalo programu yoyote inaruhusiwa kulisoma. Betri ikipita 40.0 au wastani ukipita milisekunde 14, ukubwa wa picha unashuka hadi asilimia 80. Haurudi juu mpaka dakika mbili za utulivu zipite.

Na mguso, ambao ndio uliomharibia mzee mtaji wake. Hata simu ikizidiwa siku moja, upande haupokelewi mpaka shimo lililochaguliwa liwe limeshang'aa kwenye skrini. Mguso wa pili ukija kabla ya hapo unatupwa. Hili lingetakiwa liwepo tangu siku ya kwanza, joto au baridi.

Jana walicheza wale wale wawili, michezo miwili mfululizo, dakika 41, simu ikiwa na kava yake kama alivyosema fundi. Nilikuwa nimekaa nyuma yao na kompyuta ya mapajani, Wi-Fi ya simu yangu nyingine, nasoma namba. Betri ilianza 334, ikaishia 376. Dari ya cpu6 ilibaki 2000000 mwanzo hadi mwisho. Fremu milisekunde 8 hadi 9 kete zikitembea. Kwenye mchezo wa pili kulikuwa na mtaji mrefu sana, kete zikazunguka mashimo yote ya upande wa mchezaji mpaka watu waliosimama wakaanza kuhesabu kwa sauti, na hakuna fremu hata moja iliyochelewa. Yule mzee alipomaliza aliigeuza simu, akaweka kiganja mgongoni pake, akanitazama, akaiweka tena mkekani akaanza kupanga namua nyingine.

Kilichobaki ni jua. Saa 10 jioni kivuli cha mwembe kilisogea, simu ikapigwa jua kwa dakika kama saba, mwanga wa skrini ukapanda wenyewe, na betri ikafika 391 kabla sijawaomba wasogee. Ulinzi haukuhitajika, lakini nafasi iliyobaki ni ndogo. Kuna aliyejaribu kupunguza weupe wa rangi za ubao ili skrini isihitaji mwanga mwingi juani? Na Fundi, kama unaye mteja mwenye simu ya RAM GB 2 anayejua bao, nitamtumia faili leo hii.